Chanjo ya HPV Katika Kliniki ya Meno

Mojawapo ya hoja nzito kuhusu chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi na ya koo, ilithibitishwa kwa msaada wa wasichana wa Thika, safari fupi ya matatu kutoka mtaa wa Gitothua. Utafiti wa KEN SHE, ambao Profesa Nelly Mugo wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ni miongoni mwa walioongoza, uliandikisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 katika Thika, Nairobi na Kisumu. Wengine walichomwa dozi moja ya chanjo ya HPV, wengine chanjo ya homa ya uti wa mgongo ili kulinganisha. Matokeo yalichapishwa 2022: katika miezi 18, dozi moja ilizuia maambukizi sugu ya aina ya 16 na ya 18 za kirusi hicho kwa asilimia 97.5. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaikubali ratiba ya dozi moja, na mwishoni mwa 2025 Kenya nayo ikaacha dozi mbili.

Je, haya yanamhusu nini anayesomea tiba ya meno?

Jibu lililozoeleka linatoka Marekani, ambako saratani ya koo inayosababishwa na HPV imeipita kwa wingi ile ya mlango wa kizazi. Kenya hali ni tofauti. Saratani ya mlango wa kizazi huwapata wanawake zaidi ya 5,000 kila mwaka na kuwaua zaidi ya 3,000. Mwanafunzi anayefundishwa HPV kama habari ya koo pekee atahitimu akiamini kwamba suala hili ni adimu, ilhali linaua mama za wagonjwa wake.

Koo nalo lisipuuzwe. Aina ya 16 hujificha ndani ya mikunjo ya tonsili na kwenye shina la ulimi, mahali ambapo kioo cha daktari wa meno hakifiki vizuri. Mlango wa kizazi una vipimo vya kunasa dalili kabla ya saratani kukomaa; koo halina kipimo cha namna hiyo kinachokubalika. Kwa hiyo hata anayejali kinywa tu hana budi kuitegemea chanjo.

Lakini hoja yenye nguvu zaidi ni ya umri. Mtoto wa Kenya hupata dozi ya pili ya surua na rubela akiwa na miezi 18, kisha kadi ya kliniki hufungiwa kabatini. Chanjo ya HPV inamngoja msichana afike miaka 10, wakati ambapo hapelekwi tena hospitali ila akiugua. Jino likimuuma ataletwa. Mama wa Gitothua aliyekaa kando ya kiti cha matibabu anaweza kuulizwa, “Mama, huyu ameshachanjwa HPV?” Naye huenda akauliza kama dawa hiyo haitamzuia binti kuzaa, kwa kuwa uvumi huo umeenea, na 2019 chama cha madaktari Wakatoliki kiliipinga chanjo hii hadharani. Mwanafunzi awe tayari kumweleza bila kumkaripia: chanjo ina ganda la protini la kirusi, haina kirusi hai, na haigusi uwezo wa kuzaa.

Lakini mwanafunzi atamshawishije mzazi ikiwa yeye mwenyewe hajachanjwa? Mpango wa taifa ulizinduliwa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Hao watakuwa na miaka 18 mnamo 2027, kwa hiyo wengi walio madarasani leo waliukosa. Wavulana hawamo kabisa, ingawa nao huambukizwa na kuambukiza. Chuo Kikuu cha Nairobi, kinachofundisha madaktari wa meno tangu miaka ya 1970, pamoja na Chuo Kikuu cha Moi na chuo cha mafunzo ya tiba KMTC kinachowaandaa maofisa wa afya ya kinywa wa jamii, vingeweza kuulizia chanjo hii mwaka wa kwanza pamoja na ile ya homa ya ini B, na kugharimia dozi kwa wasiojiweza. Kisha, katika mtihani wa kliniki, mtahiniwa apimwe kwa mazungumzo na mzazi mwenye wasiwasi, huku takwimu za KEN SHE zikiwa sehemu ya majibu yanayotarajiwa.