Degedege, kifafa na siku za mwezi

Wadau, leo tuweke siasa pembeni, tuzungumze kifafa.

Kuanzia Bunju mpaka Bagamoyo kila mtu analijua neno degedege. Utafiti wa wilaya ya Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa mtoto akikakamaa, mara nyingi tiba za jadi zilitangulia, hospitali baadaye. Wengi walisema ni shetani, kumbe ni malaria kali, ambayo huweza kujeruhi seli za neva. Wengine hupona, kisha kifafa kikawafuata miaka ya mbele.

Akiwa msichana, huenda akavunja ungo na kifafa kikazidi. Kwetu husemwa "yuko mwezini". Akianguka siku zile zile kila mwezi, jini ndiye anayesingiziwa.

Jambo hili si la Pwani tu. Mwaka 1857 huko London, Charles Locock, daktari wa uzazi wa Malkia Victoria, alieleza kuwa amewapa bromaidi wanawake waliokuwa wakianguka wakati wa hedhi, wakapata nafuu. Alidhani inatuliza ashiki, kumbe ilituliza ubongo!

Mwaka 1959 Logothetis na wenzake huko Marekani waliwadunga estrojeni wanawake wenye kifafa. Kwa baadhi yao, vurugu za umeme kwenye ubongo ziliongezeka. Miaka ya 1990 Catherine Woolley na Bruce McEwen waliona kwa panya kwamba homoni hiyo huongeza vijisehemu ambavyo seli za ubongo hupokelea ujumbe. Projesteroni yenyewe hutuliza, na karibu na hedhi hushuka ghafla.

Lakini tusiihukumu estrojeni haraka. Majaribio mengine ya panya yameonyesha kuwa ikitangulia kwa kiasi kidogo, hupunguza vifo vya seli za neva pale kifafa kinapodumu muda mrefu. Yote hutegemea kipimo na wakati.

Kina dada, hili linawahusu. Fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 na ambayo Dk. Louise Jilek-Aall aliwapa wagonjwa wake Mahenge, hupunguza nguvu ya vidonge vya majira. Unaweza kushika mimba bila kutarajia. Mwambie daktari dawa zote unazomeza, na usiache dawa ya kifafa kienyeji.

Kwa wenye mgonjwa nyumbani: chukueni daftari, andikeni tarehe za hedhi na tarehe za kuanguka kwa miezi mitatu, kisha mpelekeeni daktari. Daftari hilo litamsaidia dada yenu kuliko kumtafuta jini.