Carlisle United na Bao la Kipa wa Mkopo

Klabu ya Carlisle United ilizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Carlisle, kaskazini kabisa mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Uskoti. Tangu 1909 inacheza uwanja wa Brunton Park. Mwaka 1928 ilipokelewa kwenye Football League kuchukua nafasi ya Durham City. Bill Shankly, kabla ya kuijenga Liverpool, aliichezea klabu hii akiwa kijana, akarudi mwaka 1949 kuwa kocha wake. Agosti 1974 ilianza kucheza daraja la kwanza, ikazifunga Chelsea, Middlesbrough na Tottenham katika mechi tatu za mwanzo na kukaa kileleni mwa nchi nzima. Msimu ulipokwisha ilikuwa mkiani. Hata hivyo, ukimwuliza shabiki wa Carlisle siku gani hataisahau, wengi watakutajia Mei 8, 1999.

Siku hiyo timu ilikuwa ya mwisho daraja la nne, pointi moja nyuma ya Scarborough, na timu moja tu ndiyo ingeshuka na kutoka kwenye Football League. Msimu ulikuwa wa tabu tupu. Kipa wao, Tony Caig, alikuwa ameuzwa Blackpool. Richard Knight, aliyeazimwa kutoka Derby County kuziba pengo, akaitwa arudi kwao. Dirisha la usajili lilikuwa limeshafungwa, ikabidi ipatikane ruhusa maalumu ya kumchukua Jimmy Glass kwa mkopo kutoka Swindon Town. Mechi na Plymouth Argyle ilikuwa ya tatu kwake na ya mwisho.

Zaidi ya watu 7,000 walifika. Mapema kipindi cha pili Lee Phillips aliifungia Plymouth. Beki David Brightwell akasawazisha kwa shuti la mbali. Kule Scarborough nako mechi yao na Peterborough iliisha 1-1, na watu walianza kushangilia, wakijua sare ya Carlisle inawatosha.

Mwamuzi alikuwa ameongeza dakika nne, na zilikuwa zinayoyoma. Carlisle wakapata kona. Kocha Nigel Pearson akampungia Glass apande. Kipa akakimbia uwanja mzima, akaingia kwenye boksi la wapinzani. Graham Anthony akapiga kona, Scott Dobie akaruka akaupiga mpira kichwa, kipa wa Plymouth akautema. Mpira ukamdondokea Glass mguuni, naye hakuuremba: aliupiga ukaenda wavuni. Mashabiki wakafurika uwanjani, kipa akazama chini ya rundo la watu. Uwanja uliposafishwa na mpira kuanzishwa tena, filimbi ya mwisho ikalia. Carlisle pointi 49, Scarborough 48.

Wengi huliita bao hilo bahati. Mimi naona jina hilo linamnyima Glass haki yake. Mpira uliotemwa hauna mwenyewe, humwendea aliye karibu, na yeye alikuwa karibu kwa sababu alikimbia kufika pale, kwa klabu ambayo haikuwa hata yake.

Lakini bao lile lilikuwa na upande wa pili, na haifai kuuruka. Scarborough ndiyo iliyokuwa timu ya kwanza kupanda moja kwa moja kutoka Conference, ligi iliyokuwa chini ya Football League, mwaka 1987. Baada ya siku ile haikurudi tena kwenye Football League, na mwaka 2007 ilivunjwa kwa sababu ya madeni.

Carlisle nayo haikupona moja kwa moja. Ilishuka na kutoka kwenye ligi mwaka 2004, ikarudi baada ya msimu mmoja. Mafuriko yaliuzamisha Brunton Park mwaka 2005 na tena 2015. Mwaka 2025 klabu iliondoka tena kwenye ligi, na safari hiyo hapakuwa na bao la dakika ya mwisho.