Mwami Asiye na Mvua Yake: Mgawanyo wa Uwezo wa Kiganga katika Utemi wa Wabashu

Katika masimulizi mengi ya Maziwa Makuu, mtawala hutajwa kuwa ndiye mwenye mvua, mwenye ardhi na mwenye rutuba. Maelezo hayo yakipokelewa bila kuchunguzwa, humfanya mtemi aonekane mganga mkuu asiye na mshirika. Historia ya Wabashu, tawi la Wanande waishio katika milima ya Mitumba, baina ya Butembo na bonde la Semliki, kusini mwa Beni, inadhihirisha kinyume chake. Huko uwezo wa kutiisha maumbile uligawanyika mikononi mwa wengi, na hakuna aliyekuwa nao wote.

Wa kwanza katika mgawanyo huo ni mukonde, yaani mzawa wa mtu aliyefyeka msitu kabla ya wengine. Mizimu ya ukoo wake ndiyo iliyofahamiana na ardhi ile, na kwa hiyo aliyetaka kulima alimwendea yeye na kumpa ada iitwayo muhako. Wa pili ni waganga wa mvua, ambao elimu yao ilirithiwa ndani ya koo zao. Wa tatu ni waganga wa dawa, waliolinda makazi dhidi ya nguvu za porini. Juu yao alikuwapo mwami, mwenye taji la mbita. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwakusanya hao wote ili kila mmoja atimize sehemu yake kwa wakati unaofaa. Mukonde hakuweza kuleta mvua, na mganga wa mvua hakuweza kufungua shamba. Mwami naye, bila wao, alibaki na taji tu.

Mwanahistoria Randall Packard, aliyekusanya mapokeo ya Wabashu katika miaka ya 1970 na kuchapisha utafiti wake mwaka 1981, alibainisha matokeo ya kisiasa ya mpango huo. Aliyegombea utemi hakutosheka na wingi wa watu wake. Alilazimika kuoa katika koo zenye uwezo wa kiganga na kufunga nazo urafiki, ili mvua na ardhi viwe upande wake. Ukame au njaa ilipozuka, watu waliitafsiri kuwa dalili ya kwamba nguvu hizo zimefarakana. Hivyo mwami alipimwa kwa uwezo wake wa kupatanisha.

Tatizo lililotatuliwa hivyo halikuwa la Wabashu peke yao. Hata katika michezo ya kubuni limejitokeza. Mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliotungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, ulimruhusu mchawi aliyekomaa kukusanya nguvu nyingi kiasi cha kuwafunika wenzake. Kanuni za mwaka 1989 ziliweka njia ya mchawi bingwa: aliyechagua tawi moja la uchawi alizidishiwa nguvu katika tawi hilo, lakini alifungiwa matawi yaliyo kinyume nalo. Mantiki ni ileile, yaani anayepewa kina hunyimwa upana, ili wenzake wasikose kazi. Tofauti ni kwamba milimani Mitumba kilichowekwa mizani ni chakula cha watu.

Haifai, hata hivyo, kuupamba mfumo huo kupita kiasi. Mwenye fungu aliweza kulizuia, na wagombea wawili wa utemi waliweza kuwagawa waganga, jamii nzima ikaumia kwa ugomvi wao. Lakini angalau kila mmoja alijua kwamba hawezi kumaliza jambo peke yake.

Utawala wa Kibelgiji haukuutambua mgawanyo huo. Amri ya mwaka 1910, na baadaye ile ya mwaka 1933, zilimtaka mtemi mmoja kwa kila eneo, awajibike kwa serikali katika mambo ya kodi, kazi na barabara. Mtemi huyo alipata nguvu ambayo babu zake hawakuijua, kwa kuwa aliweza kuamuru bila kumwita mukonde wala mganga wa mvua. Wakati huohuo alipoteza kile kilichomfanya awe mwami machoni pa watu, kwani askari na daftari la kodi havikuweza kuiponya nchi.

Sheria ya ardhi ya Zaire ya mwaka 1973 iliongeza utata kwa kuifanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Tangu hapo shamba moja laweza kuwa na mukonde anayedai muhako, mtemi anayetoa idhini, na mtu mwenye hati ya serikali. Mafungu bado ni mengi, kama zamani, lakini sasa hakuna anayelazimika kumhitaji mwenzake. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya uwezo uliogawanywa na uwezo uliosambaratika, na migogoro ya mashamba katika wilaya za Beni na Lubero haiwezi kueleweka vema bila kuitambua tofauti hiyo.