Jongoo bapa: Mtumishi wa udongo anayeuawa kwa kudhaniwa tandu

MVUA ya masika inapoanza kunyesha kati ya Machi na Mei, wakazi wa Kisumu na viunga vyake huwaona jongoo wakijitokeza mashambani. Wengi wanamjua yule wa mviringo anayejikunja akiguswa. Chini ya majani yanayooza, hata hivyo, huishi jamaa yake asiyejulikana sana: jongoo bapa, ambaye mara nyingi huuawa kwa kudhaniwa kuwa tandu.

Tofauti yao ni bayana. Tandu ana jozi moja ya miguu katika kila pingili, hukimbia na huuma kwa sumu. Jongoo ana jozi mbili katika pingili zake nyingi, hujikokota polepole wala haumi. Pingili za jongoo bapa zimechomoza kando kama vijibawa, na ndiyo sababu mgongo wake huonekana tambarare. Umbo hilo humwezesha kujipenyeza kati ya matabaka ya majani.

Wataalamu wamemweka katika oda ya Polydesmida, yenye spishi zaidi ya 3,000. Hana macho, hivyo huongozwa na vipapasio. Aliyekomaa kwa kawaida ana pingili 20. Jike huwa na miguu 62 na dume 60, kwa kuwa jozi moja ya dume, katika pingili ya saba, imegeuka kuwa kiungo cha kupitishia mbegu. Mtoto huanguliwa akiwa na miguu sita tu, na huongeza mingine kila anapojivua gamba ndani ya kijumba cha udongo. Wakati huo mwili wake ni laini, na jembe au ukame humwangamiza kwa urahisi.

Silaha yake ni kemikali. Akisumbuliwa, vitundu vya ubavuni hutoa sianidi pamoja na harufu kama ya lozi, ili kuwafukuza maadui. Kiasi hicho ni kidogo mno kumdhuru mtu mzima, lakini aliyemshika anapaswa kunawa mikono kabla ya kugusa macho au chakula, na watoto wasiachwe wamtie mdomoni.

Nchini Japani, spishi moja ya kundi hili hujitokeza kwa wingi kila baada ya miaka 8, na imewahi kusimamisha treni milimani. Katika milima ya Udzungwa, Tanzania, mtaalamu wa Denmark, Henrik Enghoff, alieleza mwaka 2018 spishi kadhaa mpya za jenasi ya Eviulisoma. Kwa kuwa jongoo hawa hawasafiri mbali, msitu mmoja ukifyekwa, spishi nzima inaweza kutoweka. Jambo hilo linaupa uzito zaidi ulinzi wa msitu wa Kakamega, kaskazini mwa Kisumu.

Kwa mkulima, faida ya jongoo bapa iko katika chakula chake. Husagasaga majani makavu na miti iliyooza, kisha kuvu na bakteria humalizia kazi katika kinyesi chake, na virutubishi hurudi ardhini. Majani ya miwa yanapochomwa katika mashamba ya Muhoroni na Chemelil, mdudu huyu hupoteza chakula, unyevu na maskani kwa mpigo. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Anayechoma majani shambani humteketeza jongoo pamoja na rutuba ambayo baadaye ataigharimia kwa kununua mbolea.