Santuri za panki ya Japani: kwa nini nakala za zamani ni ghali?

Wakusanyaji wa santuri nchini Japani, Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi kupata rekodi za bendi ambazo majina yao hayajawahi kuvuma. Makala hii inaeleza uadimu huo umetoka wapi, na kwa nini mnunuzi anapaswa kuwa macho.

Ni muziki gani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wa Tokyo, Osaka na Fukuoka walianza kupiga panki ya kasi na kelele zaidi, iitwayo hadikoo. Wengi walivutiwa na bendi ya Uingereza, Discharge. The Stalin, iliyoongozwa na mwimbaji Michiro Endo, ilitoa albamu ya Trash mwaka 1981. G.I.S.M. ya Tokyo ilichanganya panki na magitaa ya hevi metali katika Detestation ya mwaka 1983. Confuse ya Fukuoka nayo ilizifunika nyimbo zake kwa mvumo mzito wa gitaa.

Kwa nini ni adimu?

Lebo zilizotoa muziki huu zilikuwa ndogo na hazikuwa na mtaji wa kuchapa nakala nyingi. Njia moja ya kupunguza gharama ilikuwa sonoshiito, yaani santuri ya plastiki nyembamba inayopinda kama karatasi. Nuclear Addicts ya Confuse, ya mwaka 1984, ilitoka hivyo. Santuri ya aina hii hujikunja kwa urahisi, na sindano huichakaza kila inapopigwa. Wengine huiwekea sarafu juu ili isiteleze. Ndiyo maana nakala iliyobaki nzima mara nyingi ni ile ambayo haikusikilizwa sana.

Halisi au bandia?

Bei zikipanda, nakala bandia nazo huongezeka, na bendi haipati chochote. Mkusanyaji makini hutazama alama zilizochongwa kati ya mfereji wa mwisho na lebo ya katikati. Hukagua pia uchapaji wa jalada, kwa kuwa picha iliyonakiliwa huwa na ukungu. Kisha huuliza kama karatasi ya mashairi ipo na, kwa albamu zilizotoka nayo, obi: ukanda wa karatasi unaozungushiwa jalada, wenye jina la albamu na bei. Ishara moja haitoshi. Zote zilinganishwe na nakala inayojulikana kuwa halisi.

Kwa bahati nzuri, baadhi ya kazi hizi zimerudi kihalali. Mwaka 2020, Relapse Records ya Marekani ilitoa upya Detestation. Anayetaka kusikiliza albamu hiyo hana tena sababu ya kununua bandia. Anayetaka nakala ya 1983 yenyewe aombe kwanza picha za pande zote mbili, jalada na vilivyomo, ndipo atume fedha.