Ukuta wa Kiwandani na Ufa Wake



Anayejenga nyumba ya udongo huanza kwa kuchimbia nguzo, akafunga fito, ndipo akakandika. Nguzo hubeba paa; udongo huziba upepo. Huko Marekani nyumba nyingi za mbao hujengwa kwa fikra hiyo hiyo. Fundi husimamisha nguzo nyembamba moja baada ya nyingine, akapigilia mbao juu yake, na katikati akajaza kitu cha kuzuia baridi. Juma hili tuwazungumzie watu waliojiuliza: je, nguzo hizo ni za lazima?

Swali hilo lilishika kasi katika miaka ya 1930, wakati uchumi wa Marekani ulipoporomoka na wengi wakashindwa kujenga. Katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, Idara ya Misitu ya nchi hiyo ilikuwa na maabara ya kuchunguza mbao. Wataalamu wake walionyesha kwamba plaiwudi ikigandishwa kwa gundi pande zote mbili za fremu nyembamba, ngozi hiyo nayo hubeba mzigo. Mwaka 1937 wakajenga nyumba ndogo kwa paneli za namna hiyo, na mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, akaizindua.

Mwaka 1947 wakaenda mbali zaidi. Walijenga jengo la majaribio ambalo paneli zake zilijazwa karatasi ngumu ya mikunjo, kama ile ya maboksi. Lilipobomolewa mwaka 1978, baada ya miaka 31, paneli hizo zilikutwa zingali na sehemu kubwa ya nguvu zake za mwanzo. Naam, karatasi!

Wakati huo msanifu Alden B. Dow, mwana wa mwanzilishi wa kampuni ya kemikali ya Dow, alikwisha kupata kitu bora kuliko karatasi. Mwaka 1950, katika mji wa Midland, Michigan, alianza kujenga nyumba ambazo kuta zake zilikuwa povu gumu jepesi, lile ambalo redio mpya hufungiwa ndani ya boksi isivunjike. Povu hilo lilibanwa katikati ya mbao mbili. Ukuta mmoja ukafanya kazi tatu: kubeba, kufunika na kuzuia baridi. Fundi akaletewa ukuta mzima kutoka kiwandani.

Hapo mtu angedhani hadithi imekwisha. La hasha. Mwaka 2001 ilibainika kwamba katika mji wa Juneau, huko Alaska, penye baridi na mvua nyingi, mapaa ya nyumba kadhaa za paneli yalikuwa yameoza, ingawa hayakuwa ya zamani. Wachunguzi walipoyafungua, waliona kwamba kosa halikuwa la povu. Maungio kati ya paneli na paneli hayakuzibwa sawasawa. Hewa ya ndani, yenye joto na mvuke wa jikoni na bafuni, ilipenya humo, ikakutana na ubao wa nje wenye baridi, ikageuka maji. Maji yakafanya kazi yake kimya kimya.

Kisa hiki kinatuhusu. Katika miaka ya 2010 Shirika la Taifa la Nyumba la Kenya lilianzisha kiwanda huko Mavoko cha kutengeneza paneli za povu zenye nyavu za chuma, ambazo hupigwa zege zikishasimamishwa. Hizo si sawa na zile za Madison, wala hali yetu ya hewa si ya Alaska. Lakini fundisho ni lile lile. Kiwanda kinaweza kutuletea ukuta uliokamilika, lakini hakiwezi kutuletea maungio. Hayo hufanywa pale kiwanjani, kwa mkono wa fundi, na mwenye nyumba akiyaona kabla hayajafunikwa. Kwa hiyo anayenunua paneli kwa nia ya kumkwepa fundi hodari amekosea hesabu.

Wahenga walisema usipoziba ufa, utajenga ukuta. Huko Juneau waliokaidi walijenga paa.

Tukutane juma lijalo, panapo majaaliwa.