Homa Iliyopewa Jina la Pwani Yetu

Mtamba wangu wa kwanza wa Friesian alikufa siku ya 23 tangu ashuke kwenye lori. Nilimnunua Lushoto kwa kiinua mgongo changu, nikamleta Muheza. Siku ya 12 nilimpapasa chini ya sikio la kushoto, nikakuta mtoki umevimba kama limau. Kisha homa, kisha akasusa majani. Mwisho alikuwa anahema ulimi nje, povu jeupe likimtoka puani. Nilimdunga sindano, lakini nilikuwa nimechelewa. Ndigana kali. Nami nilikuwa bwana mifugo kwa miaka 31!

Hakuwahi kutoka bandani. Kupe niliwaleta mwenyewe, ndani ya majani niliyomkatia kando ya barabara.

Jirani yangu alikuja kunipa pole. Ng'ombe wake wa kienyeji hulala nje, na masikio yao kwa ndani yamejaa kupe wa kahawia kana kwamba mtu amemwaga kunde. Wanazaa, wanakamuliwa. "Wako alilelewa kizungu, Bwana Mifugo," aliniambia. "Hawa wangu waliumwa wakiwa ndama. Waliokufa walikufa, hawa ndio waliobaki." Darasani nilifundishwa hayo hayo kwa muhula mzima.

Wazungu waliuita ugonjwa huu homa ya pwani ya mashariki, na pwani yenyewe ni hii yetu. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imefagia mifugo ya Afrika, na kusini vita vya Makaburu vikamaliza waliosalia. Walowezi wa Rhodesia wakaagiza ng'ombe kwa meli, wakiwemo wa pwani ya Afrika Mashariki, kupitia bandari ya Beira. Wetu walishuka wazima, kupe wakiwa masikioni. Mwaka 1901 likaja kundi la ng'ombe kama 1,000 kutoka Australia, likalishwa hapo hapo Beira, kisha likapandishwa hadi Umtali, Rhodesia. Karibu wote walikufa. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ulisambaa kusini na kuua ng'ombe zaidi ya milioni 1.

Mwaka 1903 aliitwa Robert Koch, yule Mjerumani wa kifua kikuu, akaweka kambi Bulawayo. Alipotazama damu kwenye hadubini aliona vijidudu ambavyo macho yake yalikwisha kuviona. Miaka mitano hivi nyuma alikuwa Dar es Salaam, na vijidudu hivyo alivikuta katika damu ya ng'ombe wa pwani wasioumwa kitu. Kimelea kile kile: huku mpangaji mtulivu, kule muuaji. Koch alijaribu kutengeneza kinga kwa kudunga damu ya waliopona, akashindwa. Arnold Theiler wa Pretoria akaonyesha kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa damu tu, na Charles Lounsbury wa Cape akamnasa mchukuzi, kupe wa kahawia wa sikioni. Jina la Theiler ndilo lililobaki kwa kimelea: Theileria parva.

Zama zile wasomi wengi waliamini kwamba kimelea kikikaa muda mrefu na mwenyeji wake hupoa, kwa kuwa anayemuua mwenye nyumba hulala nje. Theobald Smith wa Marekani, mmoja wa waliogundua mwaka 1893 kwamba kupe huambukiza ng'ombe, ndiye hutajwa zaidi kwa fikra hiyo. Inavutia, lakini ndigana haikubali kuingia yote humo.

Mtazame nyati. Hukaa na kimelea hiki miaka mingi bila kuugua. Lakini kupe aliyetoka kwa nyati akimng'ata ng'ombe, ng'ombe hufa haraka, mara nyingi kabla vimelea havijajaa kwenye chembe nyekundu, na ni humo kupe mwingine angevichukua. Safari inaishia kwenye mzoga. Ukali wa namna hii haukifaidii kimelea chochote. Kimeingia nyumba isiyo yake. Kile kilichozoea ng'ombe kinajaza damu ya mgonjwa, na kupe wanaondoka nacho. Hapo ukali na kuenea vinakwenda pamoja. Tena kinaweza kubaki kidogo kidogo ndani ya aliyepona, kikisubiri kupe.

Kule kusini, wengi waliolifuatilia jambo hili wanaeleza kwamba waliopona hawakubaki na vimelea vya kuambukiza. Ugonjwa ulitegemea wagonjwa wapya kila siku. Walipojenga majosho, wakaogesha kila baada ya siku chache, wakazuia ng'ombe kuhama na kuchinja walioambukizwa, ukakosa pa kwenda. Kufikia 1960 ulikuwa umekwisha kwenye mifugo yao. Huku kwetu tuliogesha pia, lakini umejificha ndani ya ng'ombe wazima kama wa jirani yangu. Mbaya zaidi, ndama waliokulia kwenye josho hawakupata kinga. Dawa ilipokosekana na majosho kukauka, walikufa wengi kuliko kabla. Niliwahesabu mwenyewe kwenye daftari.

Chanjo ilipatikana Muguga, karibu na Nairobi, katika maabara ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani: unamdunga ng'ombe vimelea hai vya aina tatu, na papo hapo dawa inayovidhibiti. Aina moja ilitoka kwa nyati wa Serengeti, ikapitishwa kwenye ng'ombe mpaka ikashika tabia ya kuishi humo. Walau ndivyo tulivyoambiwa. Vipimo vya vinasaba vya karibuni vimeikuta inafanana mno na nyingine ya zile tatu, ile ya Muguga. Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania wamechanja ndama wengi kwa chanjo hii, wakiwatia hereni sikioni.

Kwa hiyo wewe unayenunua mtamba kwa kiinua mgongo, mchanje huko huko aliko, mpe wiki kadhaa kinga ishike, ndipo uite lori. Na majani ya kando ya barabara, yaache.